Al-Biruni: Bingwa wa Falaki Asiyewaamini Watabiri wa Nyota

Wasomaji wa makamo, na waliokula chumvi zaidi yao, hawajaisahau Jumamosi ya Februari 16, 1980. Mfunguo Sita ilikuwa ikimalizika na maulidi bado yalikuwa masikioni mwetu. Kabla ya adhuhuri jua likapatwa. Giza lenyewe lilipita upande wa Taita na Voi likielekea baharini, na sisi wa Mji wa Kale, Mombasa, tuliuona mwanga ukipwaya, hewa ikapoa, na kunguru waliokuwa wakipiga kelele juu ya mapaa wakaanza kurejea mitini kana kwamba magharibi imeingia. Watoto tulifungiwa ndani. Jirani yetu aliyekuwa mjamzito alilazwa kitandani akaambiwa asishike kisu wala asijikune. Misikitini ikaswaliwa swala ya kusufu, rakaa mbili, kila rakaa na rukuu zake mbili, kisha hotuba.

Lakini mimi siku hiyo naikumbuka kwa jambo jingine. Shangazi yangu alikuwa ameposwa, na nikahi ilikuwa ifanywe baada ya mwezi wa maulidi kwisha. Wazee wa upande wa bwana walikwenda kwa mwalimu mmoja wa nyota. Akalichukua jina la bibi harusi na la mamake, akayahesabu kwa abjadi, akatoa kumi na mbili kumi na mbili, na kwa kilichobaki akaitaja burji yake. Akafanya vivyo hivyo kwa bwana. Ikaonekana mmoja ni moto na mwingine ni hewa, na watu wakaambiana kwamba hewa hupuliza moto ukaunguza nyumba. Hata hivyo huenda mambo yangalipita. Jua lilipopatwa, yule mwalimu akasema limepatwa katika burji ya Dalu, nayo ndiyo ya bwana, basi atakayefunga ndoa hiyo hatamaliza mwaka. Posa ikavunjwa juma lilelile. Yule bwana alioa kwingine, akaishi miaka mingi, akaitwa babu. Shangazi hakuolewa tena mpaka alipofariki.

Miaka ikapita, nami nikawa mtu wa vitabu. Nikajua kwamba walimu wetu wa nyota hutegemea sana kitabu kinachonasibishwa na Abu Maashari al-Falaki, mtu wa Balkh aliyefanya kazi Baghdad na kufariki mwaka 886. Nikataka kujua kama katika wanavyuoni wa Kiislamu wa zama zile alikuwapo mtu aliyeijua elimu hiyo ndani nje, mlango kwa mlango, na bado akathubutu kusema kwamba haimkinaishi. Nilimpata. Jina lake ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni, na leo napenda kuwasimulia wasomaji wangu habari zake.

Alizaliwa mwezi wa Mfunguo Tatu mwaka 362 Hijria, yaani Septemba 973, pembezoni mwa mji wa Kath, katika nchi ya Khwarizm, kusini ya bahari ya Aral. Nchi hiyo leo imo Uzbekistan, na mji uliopo hapo siku hizi umepewa jina lake. Al-Biruni maana yake ni mtu wa nje, wa kiungani. Lugha ya mama yake haikuwa Kiarabu wala Kifarsi bali Kikhwarizmi, lugha ambayo sasa imekufa. Kiarabu alijifunza kama tunavyojifunza sisi, akakipenda hata akasema ni heri atukanwe kwa Kiarabu kuliko kusifiwa kwa Kifarsi.

Bahati yake ilikuwa mwalimu. Abu Nasr Mansur, mwana wa jamaa ya kifalme ya Kath na mwanahisabati mkubwa, alimlea kielimu tangu ujana. Alipokuwa na umri kama wa miaka 17 kijana huyu alikwisha kupima kimo cha jua la adhuhuri na kujua mji wao uko umbali gani kutoka mstari wa ikweta. Watu wa bahari watanielewa. Nahodha anayepima nyota kwa kamali hafanyi jambo lililo mbali na hilo.

Mwaka 995 vita vikaingia. Amiri wa Gurganj aliishambulia Kath, akamuua mfalme wake, na jamaa waliomlea Abu Rayhan wakaangushwa. Akakimbia, kijana wa miaka 22. Alifika Rayy, karibu na ilipo Tehran ya leo, hana kitu. Huko alikutana na mtu mmoja wa elimu ya nyota wakabishana juu ya jambo la hesabu. Yule bwana, aliyekuwa na mali, alimcheka na kumdharau kwa ajili ya umaskini wake, ingawa katika elimu hakuwa juu yake. Baadaye hali ya Abu Rayhan iliponyooka kidogo, mtu yuleyule akawa rafiki. Al-Biruni aliliandika tukio hilo mwenyewe, bila ya hasira nyingi. Nadhani alijifunza hapo kwamba watu huipima hoja kwa kanzu ya anayeitoa.

KUPATWA KWA MWEZI KUWE KIPIMO

Mei 24, 997 mwezi ulipatwa. Al-Biruni alikuwa amerejea Kath kwa muda, na kabla ya siku hiyo alikuwa amekwisha kupatana na mwanachuoni mkubwa Abu al-Wafa al-Buzjani aliyekuwa Baghdad, kila mmoja aangalie kwake na aandike saa. Mwezi unapopatwa, unapatwa kwa watu wote kwa wakati mmoja, kwani ni kivuli cha ardhi kilichouangukia. Saa za miji ndizo zinazotofautiana. Ni kama magharibi inavyoingia Mombasa na watu wa Kisumu bado wana jua kwa dakika kama ishirini. Basi walipolinganisha maandishi yao walikuta tofauti ya karibu saa moja baina ya Kath na Baghdad, na kwa kuwa dunia huzungushwa nyuzi 15 kila saa, wakapata umbali wa miji hiyo miwili kutoka mashariki hadi magharibi, bila ya mtu kunyoosha kamba jangwani.

Nawaomba wasomaji mtulie hapa kidogo. Usiku ule, katika miji yote baina ya Kath na Baghdad, bila shaka walikuwapo watu waliotetemeka na watu waliouza utabiri. Mabwana wawili hawa walikuwa na jambo lile lile juu ya vichwa vyao, nao walilitumia kama fundi anavyotumia futi. Tena walikuwa wameijua saa yake tangu mwanzo. Jambo linaloweza kuhesabiwa miezi au miaka kabla halijatokea, na likaja kwa saa yake hata kama dunia nzima ina amani au ina vita, ni vigumu kulifanya barua iliyoandikiwa mtu mmoja mwenye harusi.

Toka Rayy akaenda Gurgan, kusini mashariki ya bahari ya Kaspiani, kwa amiri Qabus bin Wushmagir, mtu mshairi lakini mwepesi wa kumwaga damu. Huko, yapata mwaka 1000, alimtungia amiri huyo kitabu chake kikubwa cha mwanzo juu ya tarehe na sikukuu za mataifa: Waislamu, Wayahudi, Wakristo, Waajemi, Wakhwarizmi wenzake na wengineo. Katika miaka hiyohiyo ya ujana alipelekeana barua na Ibn Sina, tabibu mashuhuri, wakaulizana na kujibizana kwa ukali wa vijana wawili ambao kila mmoja anajua kwamba ana akili.

Kisha akarudi kwao. Abu al-Abbas Mamun, mtawala wa Khwarizm, alimfanya mshauri wake, na kwa miaka kadhaa Al-Biruni alitumia nusu ya siku zake katika siasa, jambo lililomchosha. Mwaka 1017 askari walimwasi Mamun wakamuua, na Sultani Mahmud wa Ghazna, aliyekuwa shemeji wa marehemu, akapata sababu ya kuivamia nchi. Aliporejea kwake, katika nchi iitwayo leo Afghanistan, alichukua mali, mateka na wanavyuoni. Miongoni mwao walikuwa Abu Rayhan, sasa na miaka 44, na mwalimu wake Abu Nasr.

Hivi ndivyo mtu huyu alivyokuwa mnajimu wa Sultani. Hakuomba kazi hiyo.

WALIVYODAI WANAJIMU

Ili mjue alikuwa akiishi baina ya maneno gani, yafaa niwaeleze kwa ufupi yale ambayo wanajimu walisema juu ya jua kupatwa. Mengi waliyatoa katika kitabu cha Batlamusi, Myunani wa Misri wa karne ya pili, ambaye ndiye Ptolemy wa Wazungu. Walisema kupatwa kunazihusu zaidi nchi zilizo chini ya burji ambamo jua limo siku hiyo. Burji yenye sura ya mtu, kama Jauza au Dalu, balaa huwa kwa watu. Yenye sura ya mnyama, kama Thauri au Asadi, huwa kwa mifugo na wanyama. Burji za maji, kama Hutu na Saratani, huwa kwa bahari na samaki. Jua likipatwa saa moja, athari yake hukaa mwaka mmoja. Mwezi ukipatwa saa moja, athari hukaa mwezi mmoja. Likipatwa linapochomoza, mambo huja katika miezi minne ya mwanzo. Likiwa katikati ya mbingu, miezi minne ya kati. Likielekea kuchwa, minne ya mwisho. Hata rangi ilisomwa. Weusi ulikuwa wa Zuhali, wekundu wa Mirihi, weupe wa Mushtari, umanjano wa Zuhura, na rangi zilizochanganyika za Utaridi.

Mtaona kwamba elimu hii ilikuwa na utaratibu. Haikuwa mambo ya kubahatisha tu, na ndiyo maana watu wazima wenye akili waliifuata. Mtaona pia kwamba Batlamusi alikuwa akinena juu ya nchi na mataifa. Yule mwalimu aliyeivunja posa ya shangazi yangu hata kanuni za wakubwa zake hakuzifuata.

Al-Biruni alizijua zote. Mwaka 1029 alimaliza kitabu kiitwacho Tafhimu, alichomwandikia bibi mmoja wa Khwarizm, Rayhana binti al-Hasan, aliyetaka kujifunza. Ni maswali na majibu zaidi ya mia tano. Alianza na elimu ya maumbo, kisha hesabu, kisha mbingu na ardhi, kisha matumizi ya usturlabu, na mwisho kabisa ndiyo akaja kwenye hukumu za nyota, akashurutisha kwamba mtu asiyezimudu zile za mwanzo hastahili kuitwa mnajimu. Lakini alipofika hapo, baada ya kumfundisha bibi huyo barabara, aliweka wazi kwamba watu wengi huuona utabiri kuwa ndio tunda la elimu hizi zote, ama yeye yuko pamoja na wale wachache wasioona hivyo. Vilevile aliandika kitabu cha kuwatahadharisha watu na ghiliba za kazi hiyo.

Ni kweli alikula mkate wa Sultani kwa jina la unajimu. Wako watakaosema huo ni unafiki. Mimi nasita. Mtu aliyeletwa Ghazna kwa jeshi hakuwa na hiari kubwa ya kazi, na alichokipata kwa kazi hiyo alikitumia kujenga elimu nyingine.

Aprili 8, 1019 alikuwa Lamghan, bonde lililozungukwa na milima mashariki ya Kabul. Jua lilipochomoza juu ya milima, karibu thuluthi yake ilikuwa imekwisha kulika, na kupatwa kulikuwa kukielekea kuisha. Aliandika alichokiona, na akaongeza onyo ambalo natamani lingesomwa katika kila shule. Jua lisitazamwe kwa macho matupu, kwani huumiza. Ni bora kutazama sura yake majini. Alisema hayo kwa kuwa macho yake mwenyewe yalidhoofika kwa kutazama kupatwa kwa jua katika ujana wake. Naam, madhara ya jua kupatwa aliyoyathibitisha Al-Biruni yalikuwa hayo ya macho. Septemba 17 mwaka huohuo mwezi ulipatwa, akaupima kutoka Ghazna kwa vimo vya nyota.

Hesabu hizo zote zilikuwa na shabaha ambayo kila Mwislamu ataifahamu. Alitaka kuujua mji wa Ghazna ulipo hasa juu ya uso wa dunia, ili ajue kibla chake kwa hesabu badala ya kukisia. Kitabu alichokiandika juu ya jambo hilo alikimaliza mwaka 1025. Alipokuwa ngome ya Nandana, katika Punjabu, alipima kimo cha mlima, kisha akapanda juu yake akapima jinsi upeo wa macho unavyoinama chini, na kwa vipimo hivyo viwili akahesabu ukubwa wa dunia, akakaribia sana kipimo cha leo.

KICHWA CHA RAHU

Mahmud aliishambulia Bara Hindi mara nyingi, akavunja na kuteka. Al-Biruni aliingia katika nchi hizo nyuma ya majeshi akajifunza Kisanskriti, lugha ya vitabu vya Mabaniani, kwa taabu kubwa. Kitabu chake juu ya India, alichokimaliza yapata mwaka 1030, ni cha adabu na uadilifu wa ajabu kwa mtu wa zama zile. Ndani yake mna mlango juu ya kupatwa kwa jua na mwezi, na kwangu mimi ndio mlango bora.

Wahindi walikuwa na hadithi ya Rahu, jini aliyekatwa kichwa, na kichwa hicho huzunguka mbinguni kikilimeza jua na mwezi. Wasomaji watakumbuka kwamba hata bibi zetu walitusimulia juu ya joka. Wanajimu wa Kiajemi na Kiarabu nao walikuwa na joka lao, na maneno ras na dhanab, kichwa na mkia, yamo hata leo katika daftari za walimu wetu. Lakini kwa watu wa hesabu joka hilo ni nukta mbili tu, mahali ambapo njia ya mwezi huikata njia ya jua. Jua halipatwi ila siku za mwisho wa mwezi, ya 28 au ya 29, na tena mpaka mwezi uwe karibu na mojawapo ya nukta hizo. Ndiyo maana halipatwi kila mwezi.

Al-Biruni aliona kwamba wataalamu wa Kihindi waliyajua haya vizuri. Brahmagupta, bingwa wao wa karne ya saba, aliweza kuhesabu kivuli cha mwezi kwa usahihi. Hata hivyo bwana huyo aliandika kwamba watu wasiikatae habari ya Rahu, kwa kuwa dini na umma wameikubali. Al-Biruni akakasirika. Anamuuliza kwa nini basi ahesabu vipimo vya kivuli ikiwa kazi hiyo inafanywa na kichwa cha jini. Kisha hasira ikatulia, akatoa fikira ambayo inaonyesha moyo wake. Akadhani huenda mtu yule alinena vile kwa kuogopa yasimfike yaliyomfika Sokrati, aliyeuawa Athens kwa ajili ya fikira zake. Anayeandika hivyo naye alikuwa mnajimu wa mfalme mkali. Ninaposoma mahali hapo najiuliza alikuwa akimsamehe nani.

Kwetu Waislamu jambo hili liliwekwa wazi zamani sana. Alipofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume (s.a.w.) aliyezaliwa na Bibi Maria, jua lilipatwa siku hiyohiyo, na watu wakasema limepatwa kwa msiba wa mtoto. Wataalamu wameihesabu siku hiyo kuwa Januari 27, 632. Mtume, naye yuko katika majonzi ya mwanawe, aliwakanya, akawaambia kwamba jua na mwezi ni alama katika alama za Mungu, na havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote; mkiona hayo swalini. Nani angalikuwa na haki zaidi ya kudai kwamba mbingu zimemlilia?

MLANGO WA TANO

Kisa kinachojulikana zaidi juu ya Al-Biruni ni kile kilichoandikwa na Nizami Aruzi yapata miaka mia moja baada yake. Yasemekana Sultani Mahmud alikuwa amekaa Ghazna katika jumba la bustanini lenye milango minne, akamtaka Abu Rayhan aangalie nyota aseme yeye atatoka kwa mlango upi. Al-Biruni akaandika jibu, karatasi ikawekwa chini ya tandiko. Mahmud akaamuru ukuta wa mashariki utobolewe, akatokea hapo. Karatasi ikasomwa: hatatoka kwa mlango wowote wa ile minne, utachimbwa wa tano ukuta wa mashariki. Sultani akaghadhibika, akaamuru atupwe chini kutoka juu. Akaangukia wavu uliotandwa, asiumie. Alipoulizwa kama na hilo alilijua, akatoa taqwimu yake, humo imeandikwa kwamba siku hiyo atatupwa kutoka mahali pa juu na atafika chini salama. Akatiwa gerezani miezi sita. Waziri al-Maymandi alipomwombea, Mahmud alikiri kwamba mtu huyo hana wa kulinganishwa naye, lakini wafalme ni kama watoto, anayetaka kula kwao aseme yanayowapendeza.

Ni kisa kitamu, na hapa pwani kimesimuliwa kwa majina mengi mengine. Mimi siamini kwamba kilitokea. Mtu aliyeandika vile katika Tafhimu hangeuza ufundi wa milango. Ninachokiamini ni hayo maneno ya mwisho ya Sultani, kwa sababu yanafanana na kila kiti cha enzi.

Mahmud huyohuyo alijiwa na mjumbe wa Waturuki wa kaskazini aliyesema kwamba huko kwao, mbali sana, jua huzunguka bila ya kuchwa. Sultani akaghadhibika akaona hayo ni maneno ya kizushi, maana swala zitafanywa vipi? Ni Al-Biruni aliyemfafanulia kwamba katika ncha ya dunia ndivyo inavyokuwa. Wakati mwingine imamu mmoja alikikataa chombo alichokitengeneza cha kujulia nyakati za swala, kwa kuwa kilichorwa miezi ya Kirumi. Abu Rayhan akamjibu kwamba Warumi pia hula chakula na hutembea sokoni, basi na hayo tusiwaige.

Mahmud alifariki mwaka 1030. Mwanawe Masud alikuwa mpole zaidi kwa wanavyuoni, na Al-Biruni akampa kitabu chake kikubwa kuliko vyote vya falaki, al-Qanun al-Masudi. Inasimuliwa kwamba Masud alimpelekea zawadi ya fedha mzigo wa ndovu, naye akairudisha hazina.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa jiwe. Alipopita umri wa miaka hamsini aliugua vibaya, na katika barua aliyoiandika mwaka 1036, humo akiorodhesha vitabu vyake zaidi ya mia moja, alikiri kwamba aliwaendea wanajimu kuwauliza umri wake uliobaki. Majibu yao yakapingana kabisa. Baadaye aliota anatafuta mwezi mwandamo, ukampotea machoni, na sauti ikamwambia kwamba atauona tena mara 170. Haamini, na bado anauliza. Na ndoto yake anaihesabu. Nilipolisoma hilo nilimpenda zaidi, na nikawaonea huruma kidogo hata wale wazee waliokwenda kwa mwalimu wa nyota mwaka 1980. Hofu ya kesho haimwachi mtu kwa kuwa amesoma.

Uzeeni aliandika juu ya vito na juu ya dawa. Watu walikuwa wakisema, na vitabu vikinakili, kwamba nyoka akiiona zumaridi macho yake hupofuka. Al-Biruni hakuandika karatasi kumi za kubishana. Alimvisha nyoka mkufu wa zumaridi, akamtandikia zumaridi, akampungia mbele ya macho, kwa muda wa miezi tisa, wakati wa joto na wa baridi. Nyoka hakupofuka; kama lilimpata lolote, alisema, basi ni kuona vizuri zaidi.

Alifariki Ghazna, kwa kauli iliyo mashuhuri mwaka 440 Hijria, yaani 1048. Kadhi mmoja rafiki yake, al-Walwaliji, alimwingilia akiwa katika hali ya mwisho, pumzi zinamkwama kifuani. Abu Rayhan akamuuliza juu ya masala ya mirathi waliyowahi kuyazungumza siku moja, fungu la bibi wa upande wa mama. Kadhi akamwonea huruma, akamuuliza kama hali hii ni ya masala. Akajibu kwamba ni bora aiage dunia akiwa ameyajua kuliko kuiaga akiwa hayajui. Basi kadhi akayarudia, mgonjwa akayahifadhi, akamfundisha naye jambo alilokuwa amemwahidi. Al-Walwaliji akatoka. Alikuwa bado yuko njiani alipokisikia kilio.